Saa Nne ya Mdomo na Saa Nne ya Kitabu

Nilipokuwa mtoto huko Kabambare niliamini kwamba kati ya nyumba yetu na shule kulikuwa na safari ya saa sita. Kwa miguu ilikuwa ni kupita nyuma ya maduka, kuvuka kijito kimoja na kupanda kidogo, hata jasho halijakutoka. Lakini ukutani kwa babu kulikuwa na saa kubwa ya mbao, na babu, aliyepanga siku zake kwa sala tano, aliirekebisha kila Ijumaa jua linapozama, mishale yote miwili juu kwenye kumi na mbili. Shuleni mwalimu alikuwa na saa yake ya Kifaransa, iliyohesabu kuanzia katikati ya usiku. Basi nilitoka nyumbani saa moja nikafika shuleni saa saba. Mchana nilitoka shuleni saa kumi na mbili nikafika nyumbani saa sita, chakula bado kiko jikoni. Asubuhi nilipoteza saa sita, adhuhuri nikarudishiwa, na sikuona ajabu yoyote. Nilidhani zile saa huwekwa mahali fulani kwenye kile kijito, chini ya maji, zikitungoja tupite tena.

Nimekuwa muuguzi mjini Kasongo, na kile kijito bado nakivuka kila siku. Hospitali inaandika kwa Kifaransa, watu wanasema kwa Kiswahili. Mgonjwa akiniambia alianza kutapika saa tatu ya asubuhi, kalamu yangu huandika 9h bila kuniuliza. Akisema saa kumi ya jioni, huandika 16h. Wanafunzi wanaokuja kujifunza kwetu huchanganya, nami niliwacheka sana, tena mbele ya watu, maana nina ulimi mkali na mwandiko mzuri, na vyote viwili vilinipa kiburi. Niliwaambia, "Musiue watu juu ya hesabu ya darasa la pili." Maneno hayo hunirudia nikiwa nafua nguo, nikiwa nachambua mchele.

Mwisho wa baraza letu kuna chumba chenye vitanda vitatu. Madaktari wanakiita reanimasio. Wagonjwa wanakiita chumba cha pumuzi, na mimi napenda jina lao kuliko letu. Ndani mna mashine moja ya oksijeni inayotumia umeme wa jua kutoka kwenye paa, yenye sauti ya mtu anayekoroma bila wasiwasi. Mna kifaa kidogo cha kubana kidole kinachosema damu ina hewa kiasi gani. Na mna mpira mmoja wa kubinya kwa mkono, tunaouita baloni, wa kumpulizia hewa mtu ambaye pumuzi yake imechoka. Mashine ya kupumua badala ya mtu tunaisikia tu kwa wenzetu wa miji mikubwa. Kwetu kazi hiyo inafanywa na mkono.

Siku za kawaida chumba kile kinatosha, kwa shida. Analala mtoto ambaye malaria imemmaliza damu, analala mama aliyetoka kupasuliwa, analala mkulima aliyeumwa na nyoka katika mpunga. Halafu ukaja mwaka wa surua. Ilikuja kwa njia inayotoka Wamaza, kijiji baada ya kijiji, wakati mvua zilikuwa zimekata barabara na chanjo imekwama upande wa pili. Mwanzoni walikuja watoto wawili wenye macho mekundu. Baadaye sikuhesabu tena. Tuliwalaza wawili wawili kwa kitanda, na wengine chini, juu ya mikeka ya mama zao.

Jambo ambalo sikuwa nimelielewa, mpaka nilipoliona, ni kwamba ugonjwa wa mlipuko unachukua pia kitanda cha mtu ambaye haukumgusa. Yule mama wa kupasuliwa tulimtoa nje barazani, nyuma ya kitenge tulichotundika, kwa sababu hatukuweza kumlaza yeye na kitoto chake kichanga pamoja na surua. Mashine ya oksijeni ilisukumwa kutoka kwake kwenda kwa watoto, kutoka kwa watoto kurudi kwake, magurudumu yake yakilia kwenye sakafu. Mimi ndiye niliyesema: sasa huyu, halafu yule. Niliichukia kazi hiyo. Naichukia hadi leo.

Nakumbuka siku zile kama ndoto yenye rangi moja. Vyandarua vyetu vilikuwa vya bluu, na mwanga wa dirishani ukipita ndani yake uliwafanya watoto wote kuwa bluu, mikono, nyayo, hata maziwa ndani ya kikombe. Ilinibidi kuinua kila chandarua ili kujua kama bluu ile ni ya kitambaa au ni ya midomo. Nilikuwa naamka nyumbani kwangu na mkono uko hewani, unainua chandarua ambacho hakipo.

Katika rangi hiyo akaingia mama mmoja kijana. Alizaliwa Nyangwe, kando ya Lualaba, akaolewa upande wa Wamaza. Alishuka kwenye pikipiki amefunga mtoto mgongoni, wa kiume, wa miaka miwili hivi, mwenye vipele vya surua na kifua kinachovuta kwa nguvu. Mimba mbili kabla ya huyo zilitoka. Alinieleza hayo mlangoni kabla ya kitu chochote, ili nijue vizuri ni nini ananikabidhi.

"Alishika degedege?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mu njia. Tukasimama kwa kituo cha afya, wakamudunga sindano ya kutuliza."

"Saa ngapi?"

"Saa ine."

Alinipa karatasi ya kile kituo. Ilikuwa imelowa mvua na wino umekuwa wingu. Basi nikaandika kwenye rejista yale niliyosikia. Mtoto mwingine alikuwa akilia nyuma yangu, mtu alikuwa akiita kutoka barazani, na kalamu yangu, ile kalamu yenye akili, ikaandika 4h.

Ilipofika saa saba ya mchana mtoto akashikwa tena. Macho yalipanda, mikono ikakaza. Daktari alikuwa chumba cha upasuaji, na mwenzangu wa zamu amekwenda kumsaidia. Kwa degedege tulikuwa na ruhusa ya kutoa dawa bila kumngoja, ila kwanza kuangalia dozi ya mwisho ilitolewa lini, kwa sababu dawa ile ikirundikana mwilini inalaza mpaka pumuzi. Nilifungua rejista. Nikasoma mwandiko wangu mwenyewe, mzuri, ulionyooka. 4h. Usiku wa manane, nikajiambia, muda mrefu umeshapita. Nikavuta kipimo kizima.

Kama ningejiuliza ni kituo gani cha njiani kinachodunga watoto saa kumi ya usiku, ningecheka. Sikujiuliza. Degedege ilikoma na mwili ukalegea vizuri, nami nikafurahi. Naona aibu kusema hivyo, lakini nilifurahi, nikampangusa uso na kumwambia mama yake, "Amepata usingizi."

Nikasimama pale nikihesabu pumuzi zake kwa saa ya mkononi, kama tunavyofanya. Zilikuwa zikienda mbali mbali. Nikangoja moja. Nikaendelea kungoja. Nikainua chandarua, na midomo yake ikabaki bluu.

Nikachukua baloni. Nikambana barakoa usoni, nikainua kidevu, nikabinya. Kifua kilipanda. Nikabinya tena. Hapo ndipo sauti ya mlangoni iliponirudia, saa ine, na nikaisikia kama inavyosemwa na kila mtu tangu nizaliwe, na babu, na mama yangu, na mimi mwenyewe. Saa nne ya asubuhi, jua liko juu ya miti. Si muda mrefu uliopita: ni saa tatu tu, na mimi nimemwongezea kipimo kizima juu ya kile cha kwanza. Midomo yangu ikasema yenyewe, "Ya asubui. Ilikuwa ya asubui." Ikarudia. Mvua ilikuwa imeanza kupiga mabati, kubwa, ile ya alasiri inayofuta maneno yote, na nilishukuru kwamba imeyafuta na hayo.

Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku nilizokimbia vita nikiwa mtoto. Niliona kwamba dawa itaisha mwilini polepole, na kwamba mpaka itakapoisha mtoto huyu hatapumua ila kwa mkono wa mtu. Mkono ukiacha, amekwenda. Dirishani mtoto mwingine akang'oa mrija wake wa oksijeni puani na kuanza kukosa hewa. Nilikuwa peke yangu na mikono miwili.

"Mama," nikamwambia, "kuja hapa. Shika hii. Ukibinya, anapumua. Usiache."

Akashika barakoa kwa mkono mmoja, akabinya kwa wa pili, na mkono huo ukaenda mbio: pu, pu, pu, pu, jinsi unavyotwanga sombe, majani ya mihogo, kwenye kinu, wageni wamefika na sufuria liko motoni. Hewa ilikuwa inaingia lakini haipati nafasi ya kutoka.

"Polepole, mama. Hii si sombe."

"Mukono inajua ile tu," akasema, akaanza kulia, na mkono ukazidi kwenda mbio.

Sijui wazo lile lilitoka wapi. Nilikuwa nimeshika mrija wa yule mtoto wa dirishani kwa mkono mmoja, na nikauliza kama mtu anayepiga soga sokoni, "Kwenu Nyangwe mulivuka muto na nini?"

"Na mutumbwi."

"Weye unajua kupiga kafi?"

"Tangu utoto. Shamba yetu ilikuwa ngambo."

"Basi mukipanda muto, mutumbwi umejaa mihogo, maji inarudisha nyuma. Munapiga namna gani?"

Akafumba macho. Mkono ukasimama kidogo. Kisha ukavuta, mzito, ukaachia, ukangoja maji yapite, ukavuta tena. Niliangalia saa yangu ya mkononi, nikahesabu dakika nzima. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa umri ule, barabara zaidi kuliko nilivyokuwa nabinya mimi.

Basi tukasafiri. Siwezi kulieleza kwa neno lingine. Mvua ilifunga madirisha, mashine ikakoroma, chumba chote kikawa bluu na kikaanza kwenda, na yule mama akiwa amekaa mbele anapiga kafi. Alimwambia mtoto wake mahali walipofika. "Sasa tuko kwa muchanga, pale wanawake wanalowesha mihogo." Kafi. "Sasa tuko kwa lile jiwe, usiogope, tunapita kando." Kafi. "Hapa bibi yako aliangusha jembe, iko chini mpaka leo." Kulikuwa na kisiwa cha matete, na kona ambako maji yanazunguka, na mahali pa kupumzika ambapo hawakupumzika. Nilipompokea ili avute nguvu, alikaa kando ya mkono wangu akaendelea kuita vituo, na mkono wangu ukafuata sauti yake. Nilikuwa ninamwangalia sana. Yeye hakuniangalia hata mara moja, nikafikiri ni kwa sababu ya mtoto.

Daktari alitoka upasuaji kwenye saa tisa, gauni bado limelowa. Nilimwambia yote kwa sauti ndogo, dozi mbili, saa za namna mbili, kosa langu. Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Akasikiliza kifua, akabinya kwa zamu yake, kisha akasema, "Endeleeni. Halafu uandike." Akarudi upasuaji, alikuwa na mwingine anayemngoja mezani.

Saa kumi na moja ya jioni mvua ilikuwa imekwisha na mwanga ulikuwa umerudi, wa manjano, ukiingia chini ya chandarua. Mtoto akakunja uso. Nikainua barakoa kidogo. Kifua kilipanda peke yake, kikashuka, kikakaa. Sote wawili tulikishikilia kwa macho. Kikapanda tena. Kisha akakohoa, akatafuta mahali pa kushika, akashika kidole cha mama yake na kulia kilio kibaya, cha kukwaruza, cha mtoto mwenye hasira. Nilitoka barazani nikalia na mimi, nyuma ya kitenge cha yule mama wa kupasuliwa, ambaye alisogeza miguu yake ili nipate pa kukaa.

Usiku haujaingia nilifungua rejista. Nilikata ile 4h kwa mstari mmoja, nikaandika 10h juu yake, nikaandika niliyoyafanya na saa nilipoyafanya. Mwandiko ulikuwa mbaya.

Siku zilizofuata mama wengine wa chumba kile walinisifu kupita kiasi. Walisema nimemvuta mtoto kutoka upande wa pili, walisema mikono yangu ni ya baraka. Nilikuwa nikijibu, "Tuache hayo," na wao wakaona ni unyenyekevu, wakanisifu zaidi. Mama wa Nyangwe hakuwa akichangia. Alikuwa akiangalia tu mikono yangu kila nilipoleta dawa, na kila mara aliuliza, "Sasa ni saa ngapi? Ya mangaribi ao ya asubui?" hata kama jua lilikuwa linatupiga usoni. Nilimjibu, naye akaitikia kwa kichwa, kisha ndipo akamfungua mtoto mdomo.

Mtoto akapona. Vipele vikakauka, ngozi ikabambuka, akaanza kuiba ndizi za jirani. Siku ya kuondoka alisimama mwenyewe barazani ameshika ukuta, pikipiki ya kuwarudisha Wamaza ikiwashwa chini. Nilikuwa nimejiandaa tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, marefu, yenye kuzunguka, na yote yakanitoka.

"Mama," nikasema, "siku ile, mimi ndiye nilizima pumuzi yake. Uliniambia saa ine, nikaandika sawa vile, halafu nikasoma saa ine ya Kifaransa. Nikamupa dawa mara ya pili mbele ya wakati. Unisamehe."

Aliendelea kumfunga mtoto kofia. Alifunga kamba vizuri, akaipima kwa kidole kama haimbani.

"Nilisikia," akasema. "Mvua haikunyesha mu masikio yangu. Ulisema ya asubui, ya asubui. Nikaelewa."

"Na haukusema kitu?"

"Mukono yangu ilikuwa na kazi. Kama ningekasirika, ingeenda mbio sawa kutwanga, na mutoto angekufa. Nikaweka hasira chini ya mutumbwi." Akaniangalia, mara ya kwanza tangu siku ile, usoni kabisa. "Sasa anapumua yeye mwenyewe. Sasa niko na nafasi."

Na akanigombeza. Alinigombeza mbele ya wagonjwa, mbele ya wanafunzi, mbele ya mwenye pikipiki aliyezima injini ili asikie vizuri. Kiswahili kilipomwishia aliendelea kwa lugha ya kwao, na nilielewa yote. Wale mama walionisifu waliinuka kwenye mikeka. Mmoja alitaka kumnyamazisha, nikamwambia amwache. "Mimi nilikupa saa yangu," alisema, mkono wake ukinipiga kifuani kwa kila neno, "mimi nilikupa saa yangu, na weye uliandika saa ya nani? Ya nani?" Nilisimama pale na ulimi wangu mkali umelala mdomoni, na machozi yakinitoka, na ndani yangu kulikuwa na kitu kinachofanana na kupumzika.

Alipochoka alijifuta uso kwa kitenge. Akamfunga mtoto mgongoni. Alishuka ngazi, akafika kwenye pikipiki, akasimama, akarudi.

"Dawa yake ya mangaribi," akasema, bado ana hasira, "ni saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Andika."

Niliandika kwenye karatasi yake 18h. Aliitazama. Hakwenda shule, lakini namba alizijua kwa sababu ya soko, na hiyo, isiyokuwa kumi na mbili, haikumpendeza. Akanyang'anya kalamu kutoka mkononi mwangu. Chini ya namba yangu akavuta mstari wenye mawimbi, na juu ya mstari akachora nusu duara, na miale mitatu.

"Hii ni jua inaingia mu maji," akasema. "Soma."

"Saa kumi na mbili ya mangaribi."

"Tena."

Nikasoma tena, kwa sauti, wanafunzi wangu wakiwa wamesimama nyuma yangu, mpaka akasema inatosha.